Mficha Uchi Hazai: Uvimbe, Kisu na Haki ya Kuuliza

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu mwenye shida yoyote ile aitoe moyoni ili asaidiwe. Lakini yuko mtu mmoja ambaye methali hii humhusu neno kwa neno, wala hana haja ya kuifumbua. Huyu ni mwanamke kijana, awe ameolewa au bado, ambaye ameambiwa hospitalini kwamba ana uvimbe katika ovari, yaani mojawapo ya vifuko viwili vya mayai ya uzazi, na kwamba hana budi kupasuliwa.

Mwanamke huyo hutoka katika chumba cha daktari akiwa na hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya kisu, na hiyo huisema waziwazi, nao jamaa humliwaza. Ya pili ni hofu kwamba akishashonwa hatapata mtoto maishani. Hiyo humezwa kimya kimya. Hamwambii daktari kwa kuona haya, hamwambii mume kwa kuchelea kuachwa, na mama mkwe ndiye wa mwisho kabisa angependa ajue. Nia ya makala haya ni kusema kwamba hofu hii ya pili si upuuzi wala si utovu wa imani. Ni swali la kitabibu lenye majibu, na majibu hayo ni haki ya mgonjwa kabla hajalala juu ya kitanda cha upasuaji.

Tuchukue mfano wa Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Mji huu uko kando ya barabara kuu iendayo Mombasa kutoka Nairobi, vilima vya Chyulu vikiwa upande mmoja na mashamba ya mkonge yakiwa jirani. Ni nchi ya mibuyu, ya mizinga ya nyuki na ya mvua isiyotabirika. Katika nchi kama hii, ambako shamba laweza kukunyima misimu miwili mfululizo, mtoto ndiye akiba ambayo wazee waliitegemea. Isitoshe, mtoto ndiye jina. Miongoni mwa Wakamba, mtoto hurithi jina la babu au la nyanya yake, na kwa njia hiyo wazee waliotangulia hawafi kabisa. Mke asiyezaa huonekana kana kwamba amelifungia mlango jina la ukoo.

Uzito wa jambo hili waonekana wazi katika mila ya iweto. Mwanamke wa Kikamba aliyekosa mtoto, au aliyekosa mtoto wa kiume, aliweza kutoa mahari na kujiolea mke, aliyeitwa iweto, ili amzalie watoto. Watoto hao walihesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari. Kwa upande mmoja, mila hii ilikuwa na utu ndani yake, kwa kuwa ilikataa kumwacha mwanamke azeeke bila wa kumwita mama. Kwa upande mwingine, yatuonyesha jinsi nyumba isiyo na mtoto ilivyotisha, hata jamii ikalazimika kuitungia sheria yake. Basi msichana wa Kikumbulyu, Nguumo au Masongaleni anapoambiwa ana uvimbe kizazini, hasikii habari za mwili wake pekee. Husikia hukumu juu ya nafasi yake katika ukoo.

Sasa na tuuangalie uvimbe wenyewe. Kila mwezi, katika mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ovari hutayarisha yai ndani ya kijifuko chenye maji. Kijifuko hicho hupasuka, yai likatoka na kushikwa na mrija wa uzazi. Wakati mwingine kijifuko hakipasuki, bali huendelea kujaa. Au hupasuka, kisha kikajifunga tena na kujaa maji au damu. Huo ndio uvimbe wa kawaida kabisa, na mwingi wake hunywea na kutoweka wenyewe katika muda wa miezi miwili au mitatu. Ndiyo sababu daktari mwangalifu, anapoona katika picha uvimbe mdogo wenye maji matupu, usiozidi sentimita 5, aghalabu hashiki kisu. Humwambia mgonjwa aende nyumbani, na pengine arudi kupigwa picha nyingine.

Upo uvimbe wa aina nyingine ambao hauondoki. Kuna ule unaotokana na chembe za mwili zilizopotea njia, ambao ukipasuliwa huweza kukutwa na nywele, mafuta na hata meno ndani yake. Wangapi wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya uvimbe wa namna hii! Kumbe ni jambo linalofahamika vyema katika vitabu vya utabibu, na kwa kawaida si saratani. Kuna ule unaojaza maji au ute hadi tumbo likafura kama la mja mzito. Kuna pia ule wa damu nzito ya rangi ya kahawia, unaotokea pale ngozi laini ya ndani ya mji wa mimba inapoota mahali pasipo pake, na ambao huandamana na maumivu makali ya hedhi. Ama kuhusu saratani, ambayo ndiyo jina la kwanza linalomjia mtu kichwani, chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kwamba katika wanawake ambao hawajakoma hedhi, uvimbe wenye dalili huwa na saratani kwa takriban mmoja tu katika kila 1,000. Mwongozo huo huo ulisema kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 10 hufanyiwa upasuaji wa aina fulani kwa ajili ya uvimbe wa ovari katika maisha yake. Kwa hiyo anayeambiwa habari hii asidhani kwamba ametengwa na wanawake wenzake.

Je, kisu huondoa uzazi? Jibu la kweli halina budi kugawanywa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya faraja. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yapatayo milioni 1 hadi 2, na afikapo umri wa kuvunja ungo huwa amebakiwa na laki kadhaa. Katika maisha yake yote, ni kama 400 tu yatakayokomaa na kutoka. Maumbile yamemwekea akiba kubwa kuliko matumizi. Fauka ya hayo, ovari ni mbili. Daktari anaweza kuumenya uvimbe na kuuondoa peke yake, huku ovari ikibaki na kushonwa. Hata ikilazimu ovari moja itolewe nzima, ile ya pili huichukua kazi, na mwanamke huendelea kupata hedhi na huweza kushika mimba kwa njia ya kawaida. Wako akina mama wengi wenye ovari moja ambao wanalea watoto wao wenyewe, ila hawatangazi njiani.

Sehemu ya pili ni ya tahadhari, na si haki kumficha mgonjwa. Kila ovari inapokatwa, mayai kadhaa yaliyo karibu na uvimbe huweza kwenda nao. Akiba hiyo hupungua zaidi iwapo uvimbe uko pande zote mbili, iwapo mgonjwa amewahi kupasuliwa hapo awali, iwapo umri wake umesogea, au iwapo uvimbe ni ule wa damu nzito niliokwisha kuutaja. Makovu ya ndani nayo huweza kunata na kuibana mirija. Mgonjwa wa namna hii anastahili kuelezwa mapema, ili aamue pamoja na daktari kama atangoje, kama apasuliwe sasa, au kama atafute mtoto kwanza. Kumwambia kila mwanamke kwamba hakuna lolote la kuogopa ni kumdanganya, sawasawa na kumwambia kwamba kisu ni mwisho wa uzazi wake.

Lakini kuna jambo ambalo hupoteza ovari kwa uhakika kuliko kisu cha mtaalamu, nalo ni kuchelewa. Uvimbe unapokua, huifanya ovari kuwa nzito kama embe lililoning'inia katika kikonyo chembamba. Siku moja ovari hujipinda juu ya mishipa yake, damu ikakatika. Maumivu ya ghafla hushika upande mmoja wa tumbo la chini, na mara nyingi mgonjwa hutapika. Hiyo ni dharura ya saa chache, wala si ya kesho asubuhi. Ikinyooshwa mapema, ovari huweza kupona. Ikiachwa, hufa, na daktari hukuta kitu cheusi ambacho hana budi kukitoa. Mwanamke aliyekimbia kisu ili aiokoe ovari yake ndiye hatimaye huipoteza. Mtu akiisha kuambiwa ana uvimbe, yeye na walio karibu naye yawapasa waijue dalili hii moja kabla ya nyingine zote, hasa wale wanaoishi mbali na lami na ambao usiku hupata gari kwa taabu.

Katikati ya hofu na hospitali ndipo wanapojipenyeza wauza mizizi, wauza mafuta ya upako na wale wenye chupa za dawa ya kusafisha kizazi. Nguvu ya watu hawa ni rahisi kueleza. Uvimbe mwingi hutoweka wenyewe baada ya miezi miwili au mitatu, kama nilivyotangulia kusema. Aliyekunywa mizizi katika miezi hiyo ataapa kwamba mizizi ndiyo iliyomponya, naye atawatuma wenzake kumi. Kati ya hao kumi, mmoja atakuwa na uvimbe usioondoka, na huyo ndiye atakayekuja kubebwa akiwa hoi.

Wengine husema kwamba kupasua tumbo la mwanamke ni jambo la kigeni. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1879, msafiri Mwingereza aliyesomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke aliyekuwa akipata mtoto wa kwanza. Mganga aliosha kwa mvinyo wa ndizi, na mvinyo huo huo ndio aliopewa mama ili asisikie sana maumivu. Jeraha likafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Ama upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kuondoa uvimbe wa ovari ulifanyika Marekani tarehe 25 Desemba, 1809. Bi Jane Todd Crawford, ambaye alidhani ni mja mzito, alisafiri kwa farasi hadi kwa daktari Ephraim McDowell katika mji wa Danville, Kentucky. Alitolewa uvimbe wa kilo zipatazo 10 kwa muda wa dakika 25 bila nusukaputi, kwa kuwa haikuwa imevumbuliwa. Aliishi hadi mwaka 1842. Jambo la kukumbuka ni kwamba daktari yule hakumficha kitu. Alimweleza kwamba upasuaji wa namna hiyo haujapata kujaribiwa, naye mama akakubali akijua analokubali.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Miaka zaidi ya 200 baadaye, wako wagonjwa wanaotia sahihi au kidole gumba kwenye fomu ya idhini bila kujua imeandikwa nini. Fomu huletwa asubuhi ya upasuaji, kwa Kiingereza, mgonjwa akiwa na njaa na hofu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imefafanua zaidi. Kifungu chake cha 8 chataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia mbalimbali za matibabu, faida zake, hatari zake na gharama zake, tena kadiri iwezekanavyo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 9 chahusu idhini yenyewe. Kwa mama wa Kibwezi anayefahamu Kikamba na Kiswahili pekee, sheria hii haijatimizwa kwa kumsomea haraka haraka karatasi ya Kiingereza.

Wala hili si jambo dogo la makaratasi. Mnamo Desemba 2022, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za mwanamke aliyefungwa uzazi bila idhini yake ya hiari zilikiukwa, na akaamriwa kulipwa fidia. Kesi ile haikuhusu uvimbe, lakini funzo lake lafika hadi kwenye kila kitanda cha upasuaji: uzazi wa mwanamke ni wake, na hakuna anayeweza kuamua juu yake kwa niaba yake.

Basi mgonjwa aulize nini? Na aulize mambo matano. Kwanza, uvimbe huu ni wa aina gani, una ukubwa gani, na je, waweza kungojwa? Pili, utaondolewa uvimbe peke yake au ovari nzima? Tatu, mkikuta mambo mengine ndani, mtanifanyia nini bila kuniamsha, na nini hamtanifanyia? Nne, nitapasuliwa kwa mshono mrefu au kwa matundu madogo, na kama njia hiyo ya pili haipatikani hapa, yapatikana wapi? Tano, uvimbe uliotolewa utapelekwa kupimwa, na majibu nitayapata lini? Akishajibiwa, na aombe yaandikwe kwenye fomu, hasa neno hili: kwamba angali anataka kuzaa. Sentensi hiyo moja hubadilisha namna daktari anavyokata.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mgonjwa maswali ni kumwongezea woga, na kwamba mbele ya foleni ya wagonjwa 60 daktari hana nafasi ya mazungumzo. Naijua shida ya foleni. Madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ni wachache, na mgonjwa wa Kibwezi huweza kutumwa Makindu, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti huko Wote, au hata Nairobi. Lakini kinachomkimbiza mgonjwa ni kutojua. Dakika 10 za maelezo, ambazo hata muuguzi au tabibu aliyefunzwa aweza kuzitoa kwa Kikamba, ni nafuu kuliko usiku mzima wa kumpasua aliyekuja akiwa amechelewa.

Liko pia suala la fedha, ambalo huwachelewesha wengi. Makueni iliwahi kuwa mfano wa taifa zima ilipoanzisha mwaka 2016 mpango wa matibabu ambao kila jamaa ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Tangu Oktoba 2024, bima ya kitaifa iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Anayejiuzia nyanya kando ya barabara hukatiki mshahara, na hutakiwa kujitafutia mchango wa mwaka mzima. Heri ajiandikishe akiwa mzima. Uvimbe haungojei msimu wa mavuno.

Neno la mwisho ni kwa waume na wakwe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, na wataalamu wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, mume naye ana sehemu yake. Hata hivyo, ni mke ndiye anayezungushwa kwa waganga, na ni tumbo lake linalotazamwa kila mwezi. Mume mwenye busara ataandamana na mkewe hadi kwa daktari, atasikia majibu kwa masikio yake mwenyewe, na ataifunga midomo ya jamaa zake kabla hawajaanza kutaja mke wa pili. Na mama mkwe, ambaye naye alipita njia hii ya uzazi, ana uwezo wa kusema neno moja litakaloteremsha mzigo wote: kwamba bibi arusi wake amemkubali yeye kwanza, kabla ya wajukuu.

Hakuna anayeweza kumwahidi mwanamke yeyote mtoto, awe amepasuliwa au hajapasuliwa. Linalowezekana ni kumwahidi kwamba hatakatwa bila kuelezwa, hatacheleweshwa na haya, wala hatahukumiwa kabla jeraha halijakauka. Ahadi hiyo imo katika uwezo wa hospitali, wa nyumba na wa serikali ya kaunti. Naye mwenye uvimbe na afumbue kinywa leo, angali na wakati. Uchi unaofichwa ndio usiozaa.